Jeraha la Mti Haliponi

Mtunza miti wa mji alisafiri hadi Marekani kujifunza kazi aliyodhani anaijua. Huko alifundishwa aliyoyabainisha Alex Shigo (1930–2006), aliyepasua miti mingi kwa msumeno wa mashine: mti hauponyi jeraha, huliziba tu. Kwa hiyo tawi hukatwa nje kidogo ya uvimbe ulio pale linapoungana na shina, wala kidonda hakipakwi rangi.

Aliporudi, alikwenda kwanza kwenye mwembe wa sokoni. Makovu yote yalikuwa ya panga lake mwenyewe, na ndani mti ulikuwa umeoza. Akina mama wauzao kivulini walimpa pole ya safari. Yeye akainamisha kichwa.

Ndugu msomaji, kabla ya kukata tawi uani, utafute kwanza ule uvimbe.