Wanga katika Futari Zetu



Sisi wa Msamala ukitutajia chakula tunaelewa ugali. Mkoa wetu wa Ruvuma huvuna mahindi mpaka yakabaki, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula huyanunua hapa hapa Songea. Hata hivyo, utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani kwetu zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu wenye umri chini ya miaka 5 amedumaa. Inakuwaje mtoto ashibe na bado adumae?

Maradhi yamo katika sababu, lakini sahani nayo imo. Ugali karibu wote ni wanga, na wanga ni sukari nyingi zilizoshikana kama shanga katika uzi. Tafuna tonge bila mboga, usilimeze upesi. Utaona linaanza kuwa tamu, maana mate yameshaanza kuukata uzi ule. Sukari hiyo huingia katika damu ikatupa nguvu za kutembea na kusoma. Gramu 1 hutoa kalori 4. Ikizidi hugeuka mafuta. Lakini misuli na mifupa ya mtoto hujengwa kwa protini na madini, kazi ambayo wanga peke yake hauiwezi.

Sasa tuziangalie futari zetu: uji, mihogo, viazi vitamu, magimbi, tambi na chai ya sukari. Mama zetu huhangaika jikoni tangu alasiri, Allah awalipe, na sinia hupendeza kwelikweli. Lakini vyote sita ni wanga na sukari! Maharage au dagaa wa Nyasa husubiri ugali wa usiku, wakati wadogo zetu wameshalala.

Kwenye daku nako tunapenda sembe kwa weupe wake. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini cha hindi, ambamo mna mafuta, vitamini na nyuzinyuzi. Pumba tunawapa kuku, nao wananawiri! Dona, ikiwa mahindi yalikauka vizuri bila ukungu, hutuachia vyote hivyo, na nyuzinyuzi husaidia shibe ikae.

Kwa futari, njia rahisi tunayoijua ni karanga zilizosagwa ndani ya uji. Zitiwe mwishoni, moto ukiwa mdogo, na mwiko usiachwe, maana karanga huungua upesi.