Barua kutoka Tianjin: Kuponi kwenye kopo la biskuti



Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia kwa ukali kidogo. Anasema kila barua nawasifia Wachina treni zao na simu zao, lakini namsahau aliyewafikisha hapo, yaani Mao. "Wenzetu walikazwa," anasema, "ndiyo maana wamefika. Sisi tulibembelezwa mno." Maneno haya nimeyasikia vijiweni tangu ujana wangu, na huwa yanasemwa na watu ambao hawakukazwa. Kwa kuwa jengo ninaloishi hapa limejaa wastaafu waliokazwa kwelikweli, nimeona leo nimjibu kwa kirefu.

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu ni bibi aliyezaliwa mwaka 1952. Ana kopo la biskuti, na ndani yake amehifadhi kuponi. Ni vikaratasi vyenye ukubwa wa stempu, vingine vya kijani, vingine vya waridi, vimelainika kama noti iliyopita mikononi mwa watu wengi. Kuponi za nafaka zilianza mwaka 1955 na hazikufutwa hadi 1993. Pesa peke yake haikununua unga wala mchele. Ulitakiwa kutoa pesa na kuponi. Nguo zilikuwa na kuponi zake, mafuta ya kupikia nayo yalikuwa na mgawo wake. Jijini Beijing, kwa miaka mingi, mgawo wa mafuta ulikuwa robo kilo kwa mtu kwa mwezi mzima. Ukisafiri kwenda mkoa mwingine, kuponi za kwenu hazikufaa. Ulilazimika kuomba za taifa, na ili uzipate ulihitaji barua kutoka kazini kwako inayoeleza unakwenda wapi na kufanya nini.

Najua mliopanga foleni za sukari na sabuni miaka ya mwanzo ya themanini mnatikisa kichwa mkisema haya nayajua. Hamyajui yote. Kwetu mambo yalipobana mjini, mtu alipanda basi akaenda kijijini kwao, akarudi na gunia la mahindi na kuku wawili. China kijijini ndiko kulikokuwa na balaa kubwa zaidi. Sheria ya mwaka 1958 ilimfunga kila mtu mahali alipoandikishwa, kwa daftari la makazi wanaloliita hukou. Mwaka huohuo wakulima walikusanywa kwenye komuni, wakaambiwa wasipike tena majumbani, wote wale kwenye bwalo la pamoja. Masufuria mengi yakaishia kwenye tanuri za uani, yakayeyushwa ili taifa liongeze takwimu zake za chuma. Chuma kingi kilichotoka humo hakikufaa kwa kazi yoyote.

Sasa sikilizeni njaa ilivyoingia. Kiongozi wa komuni aliogopa kuonekana yuko nyuma, akaripoti mavuno makubwa kuliko ya jirani yake. Jirani naye akaongeza. Serikali ikaja kuchukua fungu lake kwa hesabu ya ripoti, si ya ghala, na kilichobaki hakikutosha kulisha kijiji. Kati ya 1959 na 1961 walikufa watu ambao watafiti wengine huwakadiria kuwa milioni 15, wengine zaidi ya milioni 40. Wengi wao walikuwa wakulima, yaani watu waliokilima chakula chenyewe. Bibi yangu huyu aliishi mjini, kwa hiyo alipona, ila anakumbuka miguu ya mama yake ilivyovimba. Alinionyesha kwa kidole kwenye mkono wangu: unabonyeza, unaondoa, shimo linabaki palepale.

Haki lazima itendeke kwa upande wa pili pia. Katika miaka ya Mao Wachina wengi walijifunza kusoma, wakulima wakafundishwa udaktari wa msingi ili watibu wenzao vijijini, na umri wa kuishi ulipanda sana. Mwalimu Nyerere alipozuru China mwaka 1965 alivutiwa na jinsi walivyobana matumizi, na alikuwa na sababu. Lakini mimi, kila ninapofungua lile kopo, nawakumbuka mafundi wa TAZARA. Miaka ya sabini walikuja kwetu kwa maelfu na kututandikia reli ya kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilhali wake zao nyumbani walikuwa wakipima mafuta ya mwezi kwa kijiko.

Kuna kisa kimoja sichoki kukisimulia, kwa sababu sisi tunaokula embe chini ya mwembe hatuwezi kukiamini. Agosti 1968 waziri wa mambo ya nje wa Pakistan alimzawadia Mao kreti la maembe. Mao hakuyala, aliyatuma kwa wafanyakazi waliokuwa wamepelekwa Chuo Kikuu cha Tsinghua kutuliza Walinzi Wekundu, yaani vijana wafuasi wa Mao. Watu wa kaskazini hawakuwahi kuliona tunda hilo. Wakalipokea kama kitu kitakatifu. Viwanda vikatengeneza maembe ya nta, yakawekwa kwenye visanduku vya kioo na kupitishwa barabarani huku watu wakishangilia. Daktari wa Mao, Li Zhisui, ameandika kwamba katika kiwanda kimoja cha nguo cha Beijing embe halisi lilipoanza kuoza lilimenywa, likachemshwa kwenye sufuria kubwa la maji, na kila mfanyakazi akanywa kijiko kimoja. Leo embe nanunua kwa simu, na kijana wa pikipiki ya umeme ananiletea mlangoni kabla wali haujaiva.

Mwaka uliofuata kisa hicho cha maembe, akiwa na miaka 17, bibi alipandishwa treni kwenda Mongolia ya Ndani "kujifunza kwa wakulima". Vijana wapatao milioni 17 wa mjini walipelekwa mashambani namna hiyo. Yeye alirudi baada ya miaka kumi, akaajiriwa kiwandani, akataka kuolewa. Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka msomaji wangu wa Morogoro alishike. Ili aolewe, ilibidi kiwanda kimwandikie barua yenye muhuri. Nyumba aligawiwa na kiwanda. Kitanda hospitalini, shule ya mtoto, kuponi ya kununulia baiskeli, vyote vilipitia mlango huohuo. Fikiria balozi wa nyumba kumi ambaye ndiye pia mwajiri wako, mwenye nyumba wako na mshenga wako, halafu mkosane. Na msidhani ni mambo ya kale sana: sharti la barua ya kazini ili mtu afunge ndoa liliondolewa mwaka 2003.

Baiskeli nayo ilikuwa ndoto. Bwana harusi aliyejiweza alitakiwa kuwa na vitu vinne: baiskeli, cherehani, saa ya mkono na redio. Hapa Tianjin baiskeli ilikuwa Feige. Shanghai ilikuwa Phoenix, ileile iliyobeba mkaa na mikungu ya ndizi kwetu.

Basi, nani aliwafikisha? Mwishoni mwa 1978, katika kijiji cha Xiaogang mkoani Anhui, wakulima 18 walikutana kwa siri usiku, wakaandika mkataba wa kugawana mashamba, kila kaya ilime lake, itoe fungu la serikali na kinachobaki kiwe chake. Wakatia dole gumba. Waliandika pia kwamba viongozi wao wakifungwa au kuuawa, wengine watawalea watoto wao hadi miaka 18. Msimu uliofuata mavuno yaliruka. Chama kingeweza kuwafunga. Kikaamua kuwaachia, na baada ya miaka michache komuni zikavunjwa nchi nzima. Hao ndio ningewapa sifa ambazo msomaji wangu wa Morogoro anampa Mao. Watu walewale, ardhi ileile, ila kamba imelegezwa.

Leo sura ya Mao iko kwenye noti, na noti zenyewe hazionekani. Hata muuza chapati za asubuhi ana kibandiko cha kulipia kwa simu. Beijing ni nusu saa kwa treni. Kila Novemba bibi bado hununua kabichi nyingi na kuzipanga koridoni, kama enzi zile kabichi zilipokuwa mboga pekee ya kuvukia baridi. Binti yake humgombeza kwamba duka liko chini ya jengo na halifungwi. Bibi hajibu, anaendelea kupanga.

Lakini msije mkadhani kamba imetoka shingoni. Hukou ipo: mtoto wa fundi aliyetoka kijijini anaweza kukulia mji mkubwa na bado asiruhusiwe kufanyia huko mtihani wa kuingia chuo kikuu. Wakati wa korona tuliona komiti za mitaa zikirudi langoni na orodha zao, nani atoke, nani abaki. Na kuna mambo ambayo bibi huniambia jikoni tu, maji yakiwa yanatiririka.

Tena wameanza kupungua. Mwaka 2022 idadi ya Wachina ilishuka kwa mara ya kwanza tangu 1961. Wakati ule sababu ilikuwa njaa. Safari hii vijana wenyewe hawataki kuoa, na wakioa hawataki watoto. Nyumba ghali, shule ghali, kazi za saa kumi na mbili kwa siku. Serikali iliyowahi kuwafunga kizazi mama zao sasa inawabembeleza wazae.

Mjukuu wa bibi ana shahada na hana kazi. Anasomea mtihani wa utumishi wa umma, ambao kwa ajira za mwaka 2024 walikubaliwa kuufanya watu zaidi ya milioni 3 wakigombea nafasi zisizofika 40,000. Anataka kile walichokiita bakuli la chuma, ajira isiyovunjika hadi kustaafu. Bibi alikuwa nalo. Mwishoni mwa miaka ya tisini viwanda vya serikali vilipopunguza watu kwa mamilioni, alirudishwa nyumbani bado ana nguvu zake, akauza soksi barabarani hadi pensheni ilipoanza. Kila jioni wawili hawa wanabishana mezani: kijana anasema serikalini ni tofauti na kiwandani, bibi anamuuliza muhuri ni wa nani. Mtihani ni mwisho wa Novemba. Bibi anamsema hivyo, na chakula cha usiku anampelekea kwenye meza ya vitabu.