Siku Iliyopotea Baharini

Tarikhi imehifadhi habari za safari nyingi za bahari, lakini ni chache zenye mazingatio kwa Mwislamu kama safari ya Victoria, marikebu ya kwanza kuizunguka dunia nzima.

Victoria ilikuwa moja katika marikebu 5 zilizotoka Hispania Septemba 1519, zikiongozwa na Mreno Ferdinand Magellan, kuelekea magharibi. Walikuwa wakitafuta njia ya kufikia visiwa vya Maluku, kwenye karafuu. Magellan aliuawa Mactan, katika Ufilipino, tarehe 27 Aprili 1521. Waliosalia walifika Tidore mwezi wa Novemba, wakapokewa na Sultani wake Mwislamu, wakanunua karafuu. Tarehe 21 Disemba Victoria ikang'oa nanga peke yake, nahodha akiwa Juan Sebastián Elcano.

Katika Bahari ya Hindi walipata taabu kubwa. Marikebu ilivuja, nyama ikaoza kwa kukosa chumvi, na chakula kikawa wali na maji. Baadhi yao walitaka kukimbilia Msumbiji, katika pwani hii yetu ya Afrika. Lakini huko walikuwako Wareno, mahasimu wao, na wengine wakakataa. Basi wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema Mei 1522, na wengi wakafa njiani.

Tarehe 9 Julai 1522, njaa iliwalazimisha kutia nanga kisiwa cha Santiago, katika Cape Verde. Napo palikuwa mikononi mwa Wareno, wakaficha walikotoka. Mashua ilipokwenda pwani kutafuta mchele, waliagizwa pia waulize leo ni siku gani. Wakajibiwa: Alhamisi. Marikebuni ilikuwa Jumatano! Antonio Pigafetta, mwandishi wa safari ile, alistaajabu, kwani alikuwa ameandika habari kila siku pasi na kuruka hata moja.

Muda si mrefu siri yao ikafichuka, watu 13 wakakamatwa, na Victoria ikakimbia. Tarehe 6 Septemba 1522 iliwasili Hispania na mabaharia 18 tu wa safari ile.

Siku ile ilikwenda wapi? Pigafetta hakukosea hesabu. Aelekeaye magharibi hulifuata jua, na kila siku yake huwa ndefu kidogo. Kila digrii 15 humzidishia saa 1. Akitimiza digrii 360, saa hizo ni 24. Basi jua humchomozea mara moja pungufu kuliko waliobaki nyumbani.

Jambo hili mwanachuoni Mwislamu alikwisha kulieleza karibu miaka 200 kabla yake. Abulfida, mtawala wa Hama katika Shamu, aliyefariki mwaka 1331, aliandika katika kitabu chake Taqwim al-Buldan kwamba watu watatu wakiagana, mmoja akabaki, mmoja akaizunguka dunia kwa magharibi na mwingine kwa mashariki, wakikutana watahitilafiana: wa magharibi atapungukiwa na siku moja, na wa mashariki atazidi moja.

Sasa tuzingatie. Watatu hao wakikutana Ijumaa, mmoja atasema leo ni Alhamisi, na mwingine Jumamosi. Nani ataitika adhana ya Ijumaa? Wala hili si la zamani tu. Mwaka 2011 nchi ya Samoa ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe katika bahari ya Pasifiki. Watu walilala Alhamisi tarehe 29 Disemba, wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa haikuwapo.

Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamefundisha kwamba msafiri afikapo mji ambao watu wake wangali wanafunga, hufunga pamoja nao, ijapokuwa hesabu yake mwenyewe imetimia. Nasi twaona hekima hiyo yatosha kumwongoza kijana wetu asafiriye mbali: siku ni ya jamaa uliomo kati yao. Asishikilie hesabu ya mfukoni mwake akakosa sala ya jamaa; na akitatizika, awaulize wenye elimu wa huko.

Enyi wazazi, chukueni chungwa na taa usiku, mlizungushe mbele ya watoto, waone jinsi asubuhi ya huku ilivyo usiku wa kule. Watajua kwamba kuhesabu siku ni kazi yetu sisi waja, na Mwenye kuzileta ni Mwenyezi Mungu peke yake.