Ruhusa Mbili

Mtu aweza kuwa na haki ya kutenda jambo, na mahali pa kulitendea pakawa pamefungwa. Haki ni ya mtu. Kufungwa ni kwa mahali. Na moja haisimami badala ya nyingine. Wavuvi wa Ilagala, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, waliliona hili tangu 15 Mei hata 15 Agosti 2024, Tanzania iliposimamisha uvuvi katika maji yake ya Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaana. Mwenye leseni alibaki na leseni yake, lakini ziwa likawa la kutazamwa tu.

Kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta huhukumu kwa mizani hiyo hiyo. Programu iombapo kuandika katika faili, huulizwa mambo mawili: mwombaji ana idhini juu ya faili hili? Na mahali lilipopachikwa panapokea maandishi, au ni pa kusoma tu? Jibu la pili likiwa la kukataa, hata msimamizi mkuu, ambaye idhini za mafaili hazimzuii, hurudi mikono mitupu mpaka abadili hali ya mahali penyewe.

Kazi ngumu ni kufunga. Mwaka 2008, katika toleo la 2.6.26 la Linux, juhudi ya Dave Hansen iliwezesha hazina moja ya mafaili kupachikwa mahali pawili, pamoja pa kuandika na pengine pa kusoma tu, mfano wa ziwa moja lenye pwani za nchi 4. Tangu hapo kila mwandishi huchukua ruhusa kabla ya kuandika na kuirudisha amalizapo, na kiini huweka hesabu. Akisalia mwandishi hata mmoja, ombi la kupageuza mahali pale kuwa pa kusoma tu hukataliwa. Bila hesabu hiyo, mlango ungefungwa na mkono wa mtu ukiwa ungali ndani, na maandishi yangekatika nusu.

Amri ya kuhifadhi ni njema, iwe ya mafaili au ya dagaa. Lakini miezi 3, iliyo michache kwa samaki, ni mingi kwa nyumba ilayo kwa wavu. Mashine imefunzwa kuwahesabu waliomo kazini kabla ya kufunga. Si haki mwanadamu apate hesabu iliyo pungufu ya hiyo.