Jana DPP, leo Jaji!

Hivi msomaji, umesimama kizimbani, unainua macho, jaji aliyekaa mbele alikuwa DPP. Moyo hautaruka?

Sisi wa Malampaka, kule Maswa kwenye pamba na reli ya Mwanza, mwendesha mashtaka tulimjua kwa sura ya afande mwenye faili. Ndivyo ilivyokuwa mpaka sheria ya 2008 ilipoanza kuwapa kazi hiyo mawakili wa Serikali, chini ya DPP. Binamu yangu alisota rumande enzi hizo za afande. Kila tarehe wimbo ule ule: "Upelelezi haujakamilika."

Basi 2014 DPP Eliezer Feleshi alipoteuliwa Jaji wa Mahakama Kuu, binamu akaguna: "Kaka, tumekwisha!" Feleshi akapanda hadi Jaji Kiongozi, na 2021 akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mrithi wake wa u-DPP, Biswalo Mganga, naye akateuliwa jaji Mei 2021. Binamu akaguna tena.

Mimi namwambia, tulia mzee. Kesi aliyoishika mwenyewe haruhusiwi kuisikiliza. Halafu aliyepika mafaili miaka yote anajua lipi bichi. Ule wimbo wa upelelezi utamlaza usingizi vipi, wakati beti zote anazijua?

Ila kujua ni kitu kimoja, kuthubutu ni kingine. Katiba, ibara ya 107B, imempa uhuru. Aliye rumande atampima kwa swali moja tu: je, anamgeukia wakili wa Serikali na kumuuliza, "Huo upelelezi unakwisha lini?"