Kamera Iliyoiona Kampi

Wapiga picha ninaowafahamu wote wanalilia jua la asubuhi. Mimi nilishuka Mombo saa sita na nusu mchana, jua la utosini, wauza kabichi na karoti za Lushoto wamejibanza vivulini, na konda akaniuliza kama sikukosea kituo. Sikukosea. Kamera yangu inataka jua la namna hiyo hiyo.

Ni kamera kuukuu iliyoondolewa kile kioo chembamba kinachokaa mbele ya sensa kuzuia infraredi. Infraredi ni mwanga unaoanza pale wekundu wa jicho letu unapokoma. William Herschel aliugundua mwaka 1800, alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana kitu, na joto likapanda. Nawe waweza kuujaribu: elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu, bonyeza, na simu nyingi zitakuonyesha kijitaa ambacho macho hayakioni.

Watu hudhani kamera hii inapima joto la mwili. Haipimi. Inapokea mwanga wa jua uliorudishwa na vitu, na jani bichi ni hodari wa kuurudisha. Wekundu jani huumeza ili lijipatie chakula. Infraredi huitupa nje kwa wingi. Ndiyo maana mti hutoka mweupe kama umemwagiwa unga, na anga la buluu likatoka jeusi. Wazungu huitumia sana kwa magofu ya ngome zao na majumba ya makabaila. Mimi nilitaka gofu la kwetu.

Na kwetu yapo, kwenye mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikapona safari. Reli ya kutoka Tanga ikafika Mombo 1905, na mashamba yakaifuata. Kufikia 1964 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Kisha nyuzi za viwandani zikaangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa 1967, korona, yaani mitambo ya kuchakata mkonge, zikanyamaza moja baada ya nyingine, na nyumba kadhaa za mameneja zikaachiwa popo.

Niliyoiendea mimi imekaa kwenye mwinuko, paa hakuna, baraza bado pana kama la mahakama. Bafu la chuma halijang'olewa. Limejaa majani makavu, na juu yake kuna ganda moja la konokono, jeupe, kubwa kama ngumi ya mtoto. Nikaanza kupiga.

Mzee mmoja akaja taratibu na fimbo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kupima viwanja?"

Nikamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Nyumba hakuijali hata kidogo. Kidole chake kikaenda pembeni kabisa, chini ya mteremko, ambako nyika ya kiangazi ilitoka kijivu na katikati yake mstari wa madoa meupe umenyooka kama uzi. "Hapo ndipo kampi," akasema.

Ilikuwa miembe. Nilikuwa nimeipita nikipanda, nikaona miti tu. Baba yake, akaniambia, alitoka Kasulu akiwa na namba. Manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge waliokaa kampini, waliitwa hivyo kwa sababu ya namba hizo. Alikata mkonge, majani 30 kila tita, miaka mingi, akazikwa huko huko. Nyumba za kampi zilikuwa za udongo, na mvua zimezirudisha udongoni. Nikamwuliza nani aliyepanda miembe kwa mpango mzuri vile. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nani apande? Walikula, wakatupa kokwa mlangoni."

Mstari ule ni milango.

Nilikaa kwenye ngazi za meneja nikiwa na haya kidogo. Miaka yote hii nimezunguka nikitafuta kuta, kana kwamba aliyejenga kwa saruji ndiye peke yake aliyeishi. Nikaikumbuka albamu ya nyumbani kwetu: ina picha nne za gari la mjomba, na haina hata moja ya jiko ambamo mama alikaanga maandazi yaliyotusomesha. Jiko lile limeshabomolewa. Hatukuwa wachoyo wa filamu. Hatukudhani tu kwamba jiko ni kitu cha kupigwa picha.

Gofu nililiacha kwa picha mbili. Za miembe nilipiga arobaini, mzee akinitajia nani alikaa wapi: hapa Mbena, hapa Mnyamwezi, hapa mama aliyeuza togwa. Mwembe wa tatu umekauka tawi moja, mingine inazaa.

Kama kwenu yupo mtu aliyezaliwa kampini, mwulize mwaka huu huu mlangoni pao palikuwa na mti gani, kisha mwende naye mkautafute.