Lupango ya Mama na karatasi ya agronomu

Kwetu Lubumbashi mtu haanzi kusema bustani, anasema lupango. Lupango njo nyumba, uwanja, kisima, choo, mwembe, na kila kilicho ndani ya ukuta. Humo mama anapanda lengalenga, matembele na sombe, na migomba miwili mitatu nyuma ya jiko, na hakuna anayemuuliza plani yake iko wapi. Ndiyo sababu majirani walicheka waliposikia kwamba sisi watoto tumemwita mtu wa masomo, na tutamlipa dola 150, aje kutuchorea bustani.

Neno lilitoka kwa yaya wetu anayeishi Ubelgiji. Yeye njo anatuma pesa, na alitaka akirudi akute lupango ya heshima: majani mafupi ya kukata, michikichi ya kupamba, njia ya mawe, maua mbele ya barza. Alitutumia picha kwenye simu. Sisi tuliobaki hapa tulizipenda zile picha, tusidanganye. Lupango yetu iko katika commune Annexe, metre 25 kwa 40, baba aliinunua mwaka 1987 wakati pale kulikuwa bado pori. Tumezoea kuiona imejaa vitu vya Mama kila upande, na mara nyingine tulikuwa tunaona haya wageni wakija.

Katika pembe ya chini kulikuwa na kichuguu. Mtu wa Lubumbashi anajua vichuguu vyetu si vidogo. Kuna vinavyofika metre 8 kwenda juu. Chetu kilikuwa na metre 3 hivi. Udongo wake ni wa mfinyanzi na una rutuba kuliko ule mwekundu wa pembeni, una kalisi nyingi, na wakulima wanauchukua kumwaga shambani. Wenye kupiga matofali wanautaka, wanawake wenye mimba wanautafuna, na mvua ikianza kunatoka kumbikumbi na uyoga. Mwaka 2015 watafiti waliandika kwamba walipima umri wa vichuguu vya Katanga, na vimoja vilivyokwisha kuachwa na mchwa vilikuwa na miaka zaidi ya 2000. Sisi hatukujua hayo. Tuliona kilima cha udongo kinachokula nafasi, na kabla agronomu hajafika tukauzia watu wa matofali karibu nusu yake. Ile pesa tukasema itasaidia kununua majani.

Mama alikuwa kwa dada yake Likasi ile juma. Aliporudi akasimama mbele ya shimo, akatazama, akaingia jikoni. Hakusema kitu. Kwa anayemjua Mama, ni heri angetupigia kelele.

Agronomu akaja. Alikuwa binti wa miaka kama 30, amesoma mambo ya udongo na kupanga bustani, ana metre ndefu, kamba na daftari. Alipima kila kitu. Alichimba kishimo, akamwaga maji, akatazama saa yake kuona yanakunywewa kwa dakika ngapi. Alituuliza mvua ya mwezi wa kwanza inapita wapi, jua la saa nane linapiga wapi. Tulijibu tulivyoweza. Alipouliza, “Na Mama anasema nini?” tukamwambia Mama ni mzee, tumwache apumzike. Kosa hilo ni letu, si lake.

Baada ya juma mbili akaleta karatasi. Ilikuwa nzuri kweli: rangi ya kijani pale pa majani, viduara vya miti, kila kitu na kipimo chake. Kichuguu hakikuwako tena. Matuta ya lengalenga yamesukumwa nyuma ya choo. Migomba ya nyuma ya jiko imeondolewa, pale patajengwa nafasi ya tanki ya maji. Na chini ya mwembe, badala ya ule uwanja mtupu unaofagiwa kila asubuhi, kumechorwa maua ya kuzunguka mti.

Tukamwita Mama aone. Akavaa miwani yake, akaizungusha karatasi mara mbili mpaka akaikuta nyumba. Kisha akamwuliza yule binti kwa upole:

“Mutoto wangu, karatasi yako iko muzuri. Lakini bantu ba kilio batakaa wapi?”

Tukanyamaza sote. Mwaka 1998, kilio cha baba, wanaume walilala siku tatu chini ya ule mwembe, moto katikati, na wanawake walijaza nyumba na barza. Uwanja ule unaoonekana mtupu haujawahi kuwa mtupu. Mahari ya dada zetu wawili ilipokelewa pale pale. Siku hizi wengine wanakodi sale na viti vya plastiki, lakini Mama anasema kilio cha kukodi kinamalizika saa ya mwenye sale, si saa ya wenye kulia.

Agronomu angeweza kukasirika. Kazi yake imekwisha, pesa nusu amelipwa. Akakunja karatasi, akasema, “Mama, naomba unitembeze.” Wakatembea asubuhi nzima, sisi tukiwafuata nyuma kama wanafunzi. Njo siku hiyo tulisikia mambo ambayo tumeishi juu yake miaka yote. Migomba iko nyuma ya jiko kwa sababu maji ya kuosha vyombo yanaishia pale, na mgomba unapenda maji. Tena chini ya ile migomba vimezikwa vitovu vyetu sisi wanne tuliozaliwa hapa. Mama alituonyesha kila mmoja upande wake. Lengalenga iko karibu na mlango kwa sababu inachumwa jioni, wakati moto umekwisha washwa. Mchaichai uko njiani ili watu waukanyage na kunusa.

“Kumbe plani ilikuwako,” agronomu akasema. Alikuwa anaandika haraka.

Tusiseme kwamba Mama alishinda kwa yote, maana si kweli. Agronomu alimwonyesha kwamba kisima kiko karibu sana na choo, na maji yake yabaki ya kumwagilia tu, tusiyanywe. Mama alibisha siku mbili, akakubali. Parachichi iliyokuwa inapasua ukuta wa jirani ilikatwa, na Mama alilia. Matuta yaliyokuwa yanashuka na mteremko yaligeuzwa yakaukinga, na mfereji ukachimbwa kupeleka maji ya mvua kwenye migomba. Zamani maji hayo yalikuwa yanaingia jikoni kwa jirani, na maneno yake tulikuwa tunayapokea kila mwaka.

Kilichobaki kilikuwa yaya na majani yake. Kwenye simu alisema tumeharibu pesa yake ili kubaki na kijiji. Sisi tuliogopa kumjibu. Ni mkubwa, na ni yeye anayelipa. Agronomu njo alichukua simu. Hakubishana naye juu ya mila. Akamwambia: “Yaya, majani haya ni metre carré 120. Kiangazi yanataka litre 5 kila metre kila siku. Ni litre 600, bidoni 30 za litre 20. Kutoka mwezi wa tano mpaka wa kumi mvua hainyeshi. Nani atavuta bidoni 30?” Yaya akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama angalau maua ya mbele ya barza yatabaki. Yalibaki, na ni mazuri, hata Mama anakata kupeleka kanisani.

Karatasi ya pili ina uwanja wa kufagia chini ya mwembe, umeandikwa kwa herufi kubwa: WATU. Kichuguu kimechorwa kwa mstari wa kukatika, nusu iliyobaki, na agronomu ametuagiza tusikiguse tena. Udongo uliokuwa umemwagika pembeni tuliuchanganya na samadi tukautia kwenye matuta, na lengalenga ya mwaka ule ilikuwa na majani mapana kama mkono.

Mwaka jana dada yake Mama alifariki, kilio kikawa kwetu. Agronomu alikuja, akaketi kwenye mkeka pamoja na wanawake mpaka usiku.

Tangu tulipouza ule udongo, uyoga haujatoka kwenye kichuguu. Mchwa wamekwisha kuhama au wako chini kabisa, hatujui. Mvua ikianza, Mama anamtuma mjukuu wake kila asubuhi kwenda kutazama. Mtoto anarudi, anasema, “Bado, Koko.” Mama anaitika, na kesho yake anamtuma tena.